Pleya ndogo ya muziki kwa mazoezi, bei nafuu: ninunue ipi?

Kutoka: Minneapolis

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za siku nyingi.

Daktari amenipima presha akaniambia nianze mazoezi, kwa hiyo sasa naenda jimu nikitoka kazini. Simu nimeamua ibaki kwenye kabati. Nikiwa nayo mkononi, mara shangazi anapiga kutoka Tanga, mara kundi la kamati ya harusi linaita, na muda wote unaishia kwenye kujibu ujumbe. Lakini bila muziki ile mashine ya kukimbilia siiwezi.

Nataka pleya ndogo ya kubana kwenye nguo, isizidi dola 60. Nyimbo zangu ni mchanganyiko: kwaya, zilipendwa, taarab, bongo fleva. Nyingine nasikiliza kwenye programu ya muziki ninayolipia kila mwezi, nyingine nimetumiwa WhatsApp, nyingine ziko kwenye CD za mama. Mtandaoni naona za dola 15 hadi za dola 300 na sijui tofauti yake ni nini. Mwenye uzoefu anisaidie.

Kutoka: Leicester

Marahaba mdogo wangu, na pole kwa presha. Umefanya vizuri kuanza.

Kabla sijakutajia pleya yoyote, tuanze na hizo nyimbo zako, maana hapo ndipo watu wengi wanapotupa pesa. Nyimbo unazopakua ndani ya Spotify, Apple Music au Boomplay si faili zako. Zimefungwa, zinafunguka ndani ya programu hiyo tu, na siku ukiacha kulipia zinaondoka. Huwezi kuzikokota ukaziweka kwenye pleya ya dola 40. Kwa hiyo kama nyimbo zako nyingi ziko huko, pleya ndogo haitakufaa hata iwe nzuri kiasi gani. Bora uchukue simu ya zamani, utoe laini, uweke programu ileile, upakue nyimbo kwa Wi-Fi ya nyumbani, kisha uiwashe hali ya ndege. Shangazi hataipata.

Kama nyingi ni za CD na WhatsApp, hapo pleya inafaa kabisa. Za CD unazigeuza MP3 kwa Windows Media Player. Kompyuta za siku hizi hazina sehemu ya CD, lakini kidude cha nje cha USB si ghali na unaweza hata kuazima. Nyimbo mpya za nyumbani zinapatikana kwenye tovuti ya Mdundo kama MP3, na wasanii wengine huuza kwenye tovuti ya Bandcamp, ambako ukinunua faili ni lako moja kwa moja. iTunes Store nayo huuza nyimbo zisizofungwa tangu 2009, ila ni faili za AAC, aina tofauti na MP3, kwa hiyo hakikisha pleya inazisoma.

Sasa vifaa. Usitafute iPod mpya, zile pleya za Apple. Apple iliacha kuuza Shuffle na Nano mwaka 2017, na iPod touch ikafuata 2022. Zilizobaki ni za mitumba, na betri ya Shuffle iliyokaa miaka yote hiyo siiamini hata kidogo. Kwa bajeti yako mimi ningetafuta jamii ya SanDisk Clip. Clip Jam na Clip Sport zina GB 8 na tundu la memori kadi ya microSD hadi GB 32. Clip Sport Plus ina GB 16, ina Bluetooth na inavumilia jasho na maji ya kurushiwa, lakini haina tundu la kadi. Zote zina klipu mgongoni na vitufe vya kubonyeza kweli. Hilo la vitufe nalisisitiza: ukiwa unakimbia na vidole vimelowa jasho, kioo cha kugusa ni mateso, wakati kitufe unakipapasa bila hata kuangalia.

Usitishwe na namba za GB. MP3 ya kawaida ya kbps 128 (hicho ni kipimo cha ubora wa sauti) inakula takriban MB 1 kwa dakika. Wimbo wa dakika 4 ni MB 4, kwa hiyo GB 8 zinabeba karibu nyimbo 2,000. Hata taarab ya dakika 15 ni MB 15 tu. Nani ana nyimbo 2,000 za mazoezi?

Kutoka: Oslo

Nakubaliana na kaka wa Leicester. Naongeza la redio, maana matangazo mengi yanajisifu "ina FM". Huku Norway stesheni za taifa ziliondoka FM mwaka 2017 zikahamia DAB, yaani redio ya kidijitali, kwa hiyo FM ya pleya imebaki na stesheni chache za mitaa. Wewe Marekani FM ipo, na baadhi ya jimu hurusha sauti za televisheni kwa masafa hayo, ukiwa juu ya mashine unaisikiliza. Ila kumbuka waya wa hedifoni ndio antena yake. Ukitumia za Bluetooth, usitegemee redio kushika.

La pili ni baridi, na Minneapolis mnaijua kuliko sisi. Ukitembea nje Januari, bana pleya ndani ya koti karibu na mwili. Betri ya lithiamu ikipigwa na baridi inaonyesha imekwisha wakati haijaisha. Ukirudi ndani usiichomeke chaji papo hapo, iache kwanza ipate joto la chumba.

Kutoka: Muscat

Assalam alaikum wote. Huku shida yetu ni joto, watu tunatembea pwani ya Mutrah baada ya Isha jua likiwa limeshatulia, na bado unarudi nguo imelowa chapa. Jasho lina chumvi, linakula tundu la hedifoni kuliko mvua. Kwa hiyo tazama alama ya IP kwenye boksi, inayoonyesha kifaa kinavumilia maji kiasi gani. IPX4 ni matone ya kurushiwa, IPX5 ni maji ya bomba la mpira, IPX7 ni kuzamishwa mita 1 kwa nusu saa. Boksi likiandika tu "haiingii maji" bila namba, mimi siinunui. Halafu futa tundu kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza, na usiiache garini.

Kwa anayeogelea ni habari nyingine. Bluetooth haipiti majini, maji yanameza mawimbi yake, kwa hiyo nyimbo lazima ziwe ndani ya kifaa chenyewe kichwani. Sony NW-WS413 ina GB 4 na inastahimili hata maji ya bahari hadi mita 2. Shokz OpenSwim nayo ina GB 4 na hupitisha sauti kwenye mifupa ya shavu. Bei zake zinapita bajeti ya dada, lakini najua humu kuna waogeleaji.

Kutoka: Columbus, Ohio

Jamani, tahadhari na vya bei ya kutupa. Mpwa wangu aliuziwa mtandaoni memori kadi iliyoandikwa GB 512 kwa dola chache. Ilikubali kila alichoweka, kisha kaswida zote alizorekodi kwenye maulidi ya nyumbani hazikufunguka. Kadi ya namna hiyo imedanganywa ukubwa wake, ikijaa inaandika juu ya vya zamani. Mdogo wetu, ukinunua kadi ipime kwanza kwa programu ya H2testw kama una Windows, au F3 kama una Mac, kabla hujaweka wimbo hata mmoja. Na usivuke GB 32. Kuanzia 64 kadi hupangwa kwa mfumo wa kuhifadhi faili uitwao exFAT, na pleya nyingi za bei ndogo zinasoma ule wa zamani tu, FAT32.

Nunua pia duka ambalo unaweza kurudisha, na risiti uitunze. Walio Ulaya wana nafuu: kitu kilichonunuliwa mtandaoni unaruhusiwa kukirudisha ndani ya siku 14 bila kutoa sababu.

Kutoka: Minneapolis

Ahsanteni sana, kwa kweli sikutegemea majibu haya yote. Nimehesabu: nyimbo zangu za programu ninazozipenda kweli hazifiki 30, zilizobaki ni za CD na WhatsApp. Kwa hiyo nachukua Clip Sport na kadi ya GB 32, na hedifoni za waya ninazo. Swali moja: za WhatsApp zina majina ya ajabu, herufi na namba tupu. Zitapatikanaje humo ndani?

Kutoka: Leicester

Hapo ndipo kwenye kazi, lakini unaifanya mara moja tu. Pleya hizi hupanga nyimbo kwa maelezo yaliyofichwa ndani ya faili, yaani jina la msanii na la albamu. Faili za WhatsApp mara nyingi hazina, zote zinarundikwa mahali pamoja. Pakua programu ya Mp3tag, kwa Windows ni ya bure, ujaze msanii na jina la wimbo. Yale mahubiri na salamu za sauti huwa ni faili za opus, ambazo pleya haitazisoma; zigeuze MP3 kwa programu ya VLC, nayo ni bure.

Halafu tengeneza folda kwa mwendo, usitengeneze kwa msanii. Folda ya kupasha mwili weka kwaya za taratibu. Folda ya kukimbia weka bongo fleva na mchiriku. Taarab weka ya kutembea mwisho, wimbo mmoja mrefu unakutosha mpaka mapigo ya moyo yashuke. Ukiwa jimu unaingia kwenye menyu ya folda, unachagua moja, basi.

Na sauti usiifungulie mpaka mwisho ili kufunika muziki wa jimu. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asivuke desibeli 80 kwa saa 40 za wiki, na kadiri unavyopandisha ndivyo saa hizo zinavyopungua haraka. Hedifoni za mpira zinazoziba sikio vizuri zitakusaidia kusikia kwa sauti ndogo. Ukitembea barabarani, toa moja, usikie magari.

CD za mama zikikusumbua niandikie pembeni. Jumapili jioni huku, kwenu ni adhuhuri, tutaifanya pamoja kwa simu ya video.