Fundi wa sola: niajiri cheti au niajiri mtu?

Mzee_wa_Inveta
Wakuu habari zenu. Nina kaofisi kadogo ka kufunga sola hapa Kahama, tunafunga majumbani na pampu za maji za wakulima. Natafuta fundi wa kuzunguka vijijini peke yake na pikipiki, wamebaki wawili. Wa kwanza ana diploma ya umeme, vyeti vimenyooka, ila nilipomuuliza kazi gani aliwahi kuharibu akasema hajawahi, akacheka tu. Wa pili darasa la saba, kajifunzia kwa fundi mtaani miaka sita, akanisimulia mwenyewe alivyogeuza chanya na hasi akaunguza chaji kontrola ya mteja (kile kidude kinacholinda betri isichajiwe kupita kiasi), akakatwa posho miezi miwili kuilipa. Huyu nimempenda kusema kweli. Wife anasema diploma ndo biashara itakua. Nyie mngefanyaje?

Kipara_Umeme
Mkuu usiajiri kwa kupenda. Betri moja na taa tatu sawa, ila pampu?? Paneli nane za 550W ukizipanga mfululizo unagusa karibu volti 400 za DC (umeme wa paneli na betri, unakwenda upande mmoja tu), na DC sio mchezo, AC ya gridi inageuka-geuka upande, inapita sifuri mara 100 kwa sekunde ndo maana cheche inazimika, DC cheche ikishashika inaendelea tu mpaka koneka (kiungio cha waya) inayeyuka. Nilikuta jamaa kaweka breka ya AC kwenye laini ya paneli, mtu wa swala tano kabisa, mpole, paa limeungua. Na EWURA, wale wadhibiti wa nishati, wakija kuuliza leseni utawaonyesha upole wake?

Mama_Nane
Kipara uko sahihi ila hujaibiwa bado. Mimi niliajiri mwenye digrii, kumbe anawafungia wateja betri kuukuu zile mpya anauza. Mteja atajuaje, taa si zinawaka, baada ya miezi minne betri imekufa anakuja kwangu na ukoo mzima. Utaalamu alikuwa nao tena ndo uliomsaidia kuiba, alijua kuzichaji zionekane nzima siku ya kufunga 😂 nacheka sasa hivi, kipindi kile nililia.

Mkojani_wa_Unguja
Hapa kwetu Kinyasini kuna chuo cha Barefoot, wanachukua kinamama wa vijijini, wengine hata kusoma hawajui, wanajifunza kwa rangi na kwa mikono miezi kadhaa wanarudi makwao kufunga na kutengeneza. Mtindo umetoka Tilonia kule India. Wanapenda mama mtu mzima mwenye wajukuu na shamba lake, kwa sababu kijana ukishampa cheti tu kesho yuko mjini. Huyo wa diploma umemuuliza kama ataweza kukaa Kahama? Ila nakubali, wale kinamama wanafunga taa za nyumbani, sio hizo volti 400.

Otieno_Chaji
Huku Kenya EPRA, wadhibiti wa nishati wa huku, wanagawa leseni za sola T1, T2, T3 kulingana na mfumo wenyewe, kwa hivyo mtu anaanza na ndogo anapanda. Lakini bro chunga hiyo "nimempenda". Mahali nilikuwa nafanya kazi walikuwa wanasema wanatafuta mtu wa kuingiana na timu, kuangalia vizuri wote wametoka kijiji kimoja na bosi. Hilo swali la kuharibu ni zuri, uliza wote tena, maneno yaleyale, uandike majibu.

Kipara_Umeme
@Mama_Nane pole dada. Mzee, kama roho imeshaenda kwa darasa la saba basi mpeleke VETA, wale wa mafunzo ya ufundi, wana urasimishaji wa ujuzi, wanampima alichojifunzia mtaani wanampa cheti. Pampu asiguse peke yake kwanza.

Mzee_wa_Inveta
Asanteni sana, hiyo ya VETA sikuijua. Jumamosi nawapandisha wote wawili juu ya paa la ofisi kwa zamu, nitalegeza koneka moja makusudi nione nani atapima kabla ya kushika. Halafu kila mmoja amweleze mama wa genge hapo jirani kwa nini betri yake inakata saa mbili usiku, mama akielewa ana pointi. Jaji ni wife, sitaki kesi nyumbani.

Kipara_Umeme
Unalegeza koneka ya DC makusudi?? Weka fyuzi iliyokatika inatosha. Na paneli zifunike turubai kwanza, tusije tukakuchangia rambirambi humu.