Shilingi 9,000 kwa jibini nne na mvinyo mmoja: hoteli ya hapa Nakuru imenikasirisha

Wanajukwaa, ninaandika nikiwa bado na hasira. Jumamosi iliyopita mimi na mke wangu tulilipa shilingi 4,500 kila mmoja katika hoteli moja ya hapa Nakuru, iliyotangaza jioni ya kuonja jibini, kila jibini na mvinyo wake. Jibini zilikuja nne: ya mbuzi, Brie iliyo laini, Gouda ngumu iliyokomaa na moja ya buluu, yaani yenye ukungu wa buluu ndani yake. Mvinyo ulikuja mmoja tu, Cabernet Sauvignon, mwekundu mzito, tukamiminiwa huo huo tangu mwanzo hadi mwisho.

Nilipouliza, mhudumu alinijibu kwa upole, "Mzee, jibini huenda na mvinyo mwekundu, ndivyo tulivyofunzwa." Simlaumu kijana huyo; nawalaumu waliomfunza. Mvinyo mwekundu mzito una tanini nyingi, ule ukakasi wa maganda na mbegu za zabibu unaokausha ulimi kama chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni, na ukikutana na jibini laini huacha mdomoni uchungu unaofanana na ladha ya chuma. Mke wangu alionja Brie mara moja, akaweka kisu chini na kuomba maji. Ni Gouda peke yake iliyouhimili.

Ile ya mbuzi ilitaka mvinyo mweupe wenye uchachu, kama Sauvignon Blanc, ambao Wafaransa wa bonde la Loire hunywa na jibini ya mbuzi ya huko huko kwao. Sisi tuliokulia kwenye mursik, maziwa yaliyochachushwa ya Wakalenjin, hatuhitaji kufundishwa raha ya uchachu. Ile ya buluu, kwa ukali wa chumvi yake, hutaka kitu kitamu, ndiyo maana Waingereza hula jibini yao ya buluu, Stilton, na mvinyo mtamu wa Port, nao Wafaransa hula Roquefort, ya buluu pia, na mvinyo mtamu wa Sauternes. Kilichoniudhi zaidi ni kwamba chupa za Sauvignon Blanc nilikuwa naziona ndani ya friji ya kioo nyuma ya kaunta, hatua chache kutoka mezani petu. Nilipoomba tubadilishiwe hata glasi moja, meneja alisema kwamba kilichopangwa hakibadilishwi, na kwamba glasi hiyo ningeilipia kando shilingi 800.

Isitoshe, jibini zilitolewa kwenye friji zikaletwa papo hapo, Brie ikiwa ngumu kama sabuni ya mche, ilhali ingeachwa nje kwa muda wa saa moja hivi ingelainika na kutoa harufu yake. Mvinyo nao ulikuwa vuguvugu, kwa kuwa chupa zilipangwa kando ya jiko la kuchomea nyama. (Biskuti zilikuwa nzuri, niseme ukweli.)

Jumatatu nilimwandikia meneja nikidai nusu ya fedha zetu, kwa sababu tulichopewa sicho kilichotangazwa. Alinitumia vocha ya kupunguziwa asilimia 10 katika jioni kama hiyo mwezi ujao. Nimemuuliza kama safari hiyo mvinyo mweupe utafika mezani, na hadi sasa hajanijibu.