Mnaotuita wazee wa SimCity wabishi, njooni hapa

Wakuu, nimechoka. Kila gemu la zamani likirudishwa limenyolewa, tukipiga kelele tunaambiwa "wazee hamtaki mabadiliko". Leo tubishane kwa mfano mmoja tu, SimCity ya 2013, lile gemu la kujenga na kuendesha mji, maana nikitaja yote tutakesha.

SimCity 4 ilitoka 2003. Ngumu? Ndiyo. Unalaza mabomba ya maji, unachimba reli ya chini ya ardhi, unachonga milima kabla hata ya barabara ya kwanza, na ukizubaa hazina imekauka. Tukasubiri miaka kumi. Kilichokuja: kiwanja cha kilomita mbili kwa mbili. Kiwanja kikubwa cha zamani kilikuwa nne kwa nne, yaani tumeachiwa robo tu. Mtaa wa pili hujaumaliza umeshafika mpakani, nyasi za ng'ambo unazitazama tu kama shamba la jirani. Reli ya chini ya ardhi hakuna. Milima huigusi. Mabomba waliyaunganisha na barabara, na hilo nawapa haki yao, sikuwahi kuyakumbuka.

Kilichoniudhi hasa ni wakazi. Tulitambiwa kwamba kila mmoja anaishi kivyake ndani ya gemu. Haya, mfuate mmoja. Asubuhi anaingia kazi yoyote yenye nafasi, leo kiwandani, kesho dukani. Jioni anaingia nyumba yoyote iliyo wazi, analala. Hana kwake, hana kitanda chake. Huo si mji, ni stendi. Magari nayo yakajazana kwenye kichochoro kwa sababu ndicho kifupi, barabara pana pembeni imelala tupu. Na ile idadi ya watu kwenye skrini ilitiwa chumvi: mji ukishakua, namba inapaa kuliko wakazi waliomo kweli. Sasa nikipanga barabara vizuri au ovyo, nampangia nani?

Halafu seva, zile kompyuta za kampuni ambazo ilikuwa lazima uunganishwe nazo kwa intaneti ndipo ucheze. Machi 2013 gemu linatoka, seva zinaelemewa, watu wamelipa dola 60 wanapanga foleni kuingia kwenye mji wao wenyewe. Mpaka spidi ya juu ya mchezo ikazimwa ili seva zipumue. Tukaelezwa eti mahesabu mengi yanafanyika huko kwenye seva. Mwezi haujaisha, mtundu mmoja akachokonoa msimbo wa gemu, mji ukaendelea kwenda bila intaneti. Machi 2014 wenyewe wakaleta namna ya kucheza nje ya mtandao. Kumbe! Kwetu sisi wa bando la kuhesabu MB na umeme wa kubahatisha, yale yalikuwa matusi.

Na msinijibu kwamba tunapenda ugumu tu. Machi 2015 Colossal Order, kastudio kadogo ka Finland, wakatoa Cities: Skylines, nalo gemu la kujenga mji. Ni nyepesi kuliko SimCity 4, kabisa. Lakini ukikua unafungua vipande vya ardhi mpaka tisa, mkazi ana nyumba na kazi yake, unacheza hata nyaya za intaneti zikikatwa, na wachezaji mafundi wanaruhusiwa kuongeza vitu vyao kwenye gemu. Wazee haohao wabishi wakahamia kwa maelfu. Mwezi huohuo EA, kampuni iliyotoa SimCity, ikafunga studio ya Maxis kule Emeryville, Marekani, iliyoitengeneza.

Kwa hiyo kabla hujaniita mzee, nijibu: yule mkazi wa 2013 anaishi wapi? Na asije mtu na "lakini grafiki zilikuwa kali". Zilikuwa kali, nani kakataa?