Masta ya pili ukiwa kazini na una watoto: jioni, Chuo Kikuu Huria au mitihani ya bodi?

Kikokotoo: Wakuu, swali hili linarudi kila dirisha la udahili likifunguliwa. Tulipige hesabu. Tumchukue mtumishi mwenye masta moja na watoto wadogo, asiyeweza kuacha kazi. Kwa mfumo wa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) masta ni krediti 180, na krediti moja ni saa 10 za kujifunza: darasani, kusoma na kuandika, vyote humo. Jumla saa 1,800. Mzazi anayepata saa mbili kila usiku watoto wakishalala, Jumatatu hadi Ijumaa, na saa tano za Jumamosi, ana saa 15 kwa wiki. Hizo ni wiki 120, na hapo hakuna mtoto aliyeugua. Tangazo likisema miezi 18, jiulize saa zinazobaki utazitoa wapi.

Mdau_Utumishi: Kabla ya saa, fungua Muundo wa Maendeleo ya Utumishi wa kada yako, yaani waraka unaotaja sifa za kuajiriwa na kupanda cheo. Kwa ngazi za tuzo za elimu, masta ya pili inabaki ngazi ya 9 ileile. Ngazi ya 10 ni uzamivu. Kwa hiyo yenyewe haikupandishi popote. Inalipa pale unapotaka kuhama kada, na muundo wa kada mpya unaitaja fani hiyo. Halafu omba kibali cha mwajiri kwa maandishi kabla ya kulipa ada, hata kwa masomo ya jioni. Wengi huja kukwama kwenye kubadilishiwa kada kwa sababu ya karatasi hiyo moja.

Mhasibu_Ziwa: Ndiyo maana kwa wahasibu mimi nasimama na bodi. Mitihani ya NBAA, bodi ya taifa ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu, iko Mei na Novemba, familia inajua mapema miezi ya kubana. Hakuna tasnifu, na matangazo mengi ya kazi za uhasibu yanataja CPA(T), sifa ya uhasibu inayotolewa na bodi hiyo. Kinachoangusha watu ni kusoma nadharia bila kukokotoa maswali ya mitihani iliyopita huku saa inahesabu.

Kikokotoo: Sawa mkuu, ila afisa maendeleo au muuguzi hana njia hiyo.

Mwalimu_wa_Usiku: Kwa hao, jioni au Huria. Kipindi cha jioni kikianza saa 11 na kuisha saa 2 usiku, kwa Dar mtu wa Mbagala anayesoma mjini anafika nyumbani watoto wamelala. Siku tatu kwa wiki, semista nzima. Faida yake ni wenzako wa darasani na mhadhiri anayekubana. Chuo Kikuu Huria kina vituo mikoani, kwa hiyo wa Songea au Kigoma hahami, na nauli inabaki mfukoni. Lakini hapo hakuna wa kukusukuma. Anayesubiri wiki mbili za mwisho ndipo afungue moduli, hafiki mbali.

Mdau_Utumishi: Na za nje kwa mtandao?

Mwalimu_wa_Usiku: Uliza TCU kwanza kama wanaitambua. Ukishalipa umechelewa.

Tasnifu_Kwanza: Mnazungumzia vipindi, ilhali watu hukwama baada ya vipindi. Pendekezo la utafiti likipita, ili uruhusiwe kukusanya data unahitaji barua ya chuo, uipeleke kwa Katibu Tawala wa Mkoa, ushuke halmashauri. Ukigusa afya, ongeza kibali cha maadili, na NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, wanahusika. Kila ofisi ina wiki zake. Mzazi anayechagua mada ya mikoa mitatu amejifunga mwenyewe: chagua wilaya moja, data unayoifikia kwa daladala. Uliza pia, kabla ya kujisajili, ada ya kuongeza muda ni kiasi gani kwa semista na msimamizi mmoja ana wanafunzi wangapi.

Mama_Ratiba: Dada zangu wenye mimba, hili nalisisitiza. Likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 kwa mapacha, inakulinda kwa mwajiri. Chuoni semista inaendelea. Andika barua ya kuahirisha masomo kabla ya mitihani na usitulie mpaka umejibiwa kwa maandishi. Ukinyamaza unaweza kuhesabiwa mtoro. Na zile siku 28 za likizo ya mwaka, kubaliana na mwajiri Januari kabisa ziangukie wiki za mitihani, si Desemba.

Kikokotoo: Basi wa kada zisizo na bodi waweke hapa kada, mkoa na umri wa mtoto mdogo, tupige saa za kila mmoja.