Mjadala: Nguzo za Kalokol ni kalenda ya nyota, au tumeamua tu kuamini hivyo?

Mwanzisha mada

Wanajamvi, naleta hoja ambayo najua itawaudhi baadhi yenu. Kando ya barabara ya Lodwar kwenda Kalokol, magharibi mwa Ziwa Turkana, zimesimama nguzo za mawe ya basalti zinazoitwa Namoratunga. Waturkana husimulia kwamba ni watu waliogeuka mawe wakiwa katikati ya ngoma. Mtandaoni hadithi ni nyingine: hiki ni kituo cha kutazamia nyota, kalenda iliyosimikwa na Wakushi mwaka 300 K.K. Msimamo wangu ni kwamba dai hili la pili tusiwafundishe watoto kama jambo lililothibitishwa.

Lilianza 1978. Watafiti wawili, Lynch na Robbins, waliandika katika jarida la Science kwamba mistari kati ya nguzo 19 inaelekea pale zilipokuwa zikichomoza nyota na makundi ya nyota, jumla saba: Pembetatu, Kilimia, Aldebaran, Bellatrix, katikati ya Orioni, Saiph na Sirius. Hizo ndizo Waborana, Wakushi wafugaji wa kaskazini mwa Kenya na kusini mwa Ethiopia, huzitumia kupanga miezi yao, kama mwanaanthropolojia Asmarom Legesse alivyoeleza mwaka 1973. Wakayaunganisha mawe ya Turkana na hesabu ya Waborana, dunia ikashangilia.

Sasa chukua kalamu. Nguzo 19 ukizioanisha mbili mbili unapata jozi 171, na kila jozi inaonyesha pande mbili. Ni maelekeo 342 ya kuchagua, kwa nyota saba. Anayekosa mlingano hapo hajatafuta. Tena mwaka 1982 mwanaakiolojia Robert Soper alirudi kupima akakuta mawe yenyewe yana sumaku, yaani yanaivuruga dira inayotumika kuyapima.

Lakini zito kuliko yote ni umri. Ile 300 K.K. haikutoka Kalokol. Ilitoka kwenye kaburi la Namoratunga nyingine, kule Lokori, ikahamishiwa huku kwa kudhani waliojenga ni watu wale wale. Uchimbaji wa miaka ya karibuni katika maeneo ya nguzo kuzunguka ziwa umeleta umri wa miaka kati ya 4,000 na 5,000. Lothagam Kaskazini, ambako matokeo yalichapishwa 2018, chini ya nguzo na jukwaa la mawe kulikutwa makaburi: makadirio ni watu wasiopungua 580, wake kwa waume, watoto na wazee, wengi wakiwa na mapambo yao. Waliowazika ni wafugaji wa mwanzo wa eneo hilo, wakati mvua zinapungua na ziwa linarudi nyuma.

Na umri ukibadilika, nyota nazo hubadilika. Mhimili wa dunia huyumba polepole kama pia inayokaribia kuanguka, mzunguko mmoja takriban miaka 26,000. Miaka 5,000 iliyopita Kilimia kilichomoza karibu mashariki kamili. Kufikia 300 K.K. kilikuwa kimesogea kaskazini kwa zaidi ya digrii kumi. Kwa hiyo mistari iliyopatana na anga la 300 K.K. haiwezi kuwa ilipangwa na watu waliosimika mawe karibu miaka elfu mbili au zaidi kabla ya hapo. Mnaopinga, karibuni.

Mtembeza wageni, Lodwar

Ndugu yangu, umeongea kama mtu aliyekaa kwenye kiti chenye kivuli. Swali langu ni moja: nani alisema makaburi na nyota havikai pamoja? Waislamu wanazika wakimwelekeza maiti Kibla. Kesho mtu akichimba makaburi ya Mombasa akasema "haya ni makaburi tu, hayana uhusiano na mwelekeo wowote", utamkubali? Kusini mwa Misri, pale Nabta Playa, wafugaji wa zamani kuliko hawa walisimamisha mawe, na wasomi wanasema yanahusu jua na majira. Mbona wa huko wanaruhusiwa kujua anga, wa Turkana wanaambiwa walijua kuzika tu?

Halafu tuseme ukweli wa tumbo. Mgeni akisikia "nyota" anakaa saa nzima. Akisikia "makaburi" anapiga picha mbili, anauliza kama soda ipo.

Mborana, Moyale

Mimi naona mnagombania mali yetu bila kutuuliza. Hesabu yetu ipo hai. Wanaoijua wanaitwa ayyaantu, na hakuna hata mmoja anayehitaji nguzo. Mwezi ni siku 29 au 30, siku zina majina 27 yanayozunguka, mwaka ni miezi 12, jumla siku 354 hivi. Jina la siku halilingani na tarehe ya mwezi, linateleza, na ayyaantu anayabeba yote kichwani. Anautazama mwezi uko karibu na nyota ipi, Busan (hicho Kilimia chenu) au Basa (Sirius), anakwambia leo ni siku gani na kama inafaa kwa sherehe.

Kinachoniuma ni hiki: ujuzi huu ulikuwa unapuuzwa hadi mzungu alipouona kwenye mawe. Mawe yakianguka kwenye hoja, mtasema na ujuzi umeanguka?

Mtu wa Lamu

Naunga mkono hapo. Kwetu pwani wazee wanasema: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Watu walipanda kwa kauli hiyo. Manahodha walihesabu mwaka kuanzia Nairuzi, yaani siku ya mwaka mpya, siku kumi kumi, miongo, wakijua upepo wa kusi utafunga bahari lini na wa kaskazi utaifungua lini. Mtakuja kuchimba wapi mkute hayo? Hakuna jiwe hata moja. Yamo kwenye midomo ya watu, na midomo inapungua.

Mwanzisha mada

Mtembeza wageni, hoja ya Kibla ni nzuri na nimeikalia usiku kucha. Ila Kibla tunakijua kwa sababu waumini wapo na wanatueleza, na makaburi yote yanaelekea upande mmoja. Kalokol hatuna msemaji, na mistari inaelekea kila upande. Nabta Playa nayo ina wabishi wake, usidhani imepita bure. Sikatai kwamba wale wafugaji walizijua nyota. Anayelala nje na ng'ombe kwenye anga lisilo na taa atakosaje kuzijua? Nakataa kutumia mawe haya kama hati ya ushahidi.

Na hilo la soda, samahani, haliniingii. Kule Lothagam ni watu wasiopungua 580 waliobebwa na kuzikwa mahali pamoja, kwa vizazi, na jamii inayohama na mifugo, bila mfalme tunayemjua wala mji. Nani aliratibu kazi ya kuburuta zile nguzo? Ukilisimulia hilo vizuri, mgeni hataondoka.

Mtembeza wageni, Lodwar

Basi tukubaliane hivi. Mchana nitawaambia habari za wafugaji na ziwa lililorudi nyuma, kama ulivyoeleza. Usiku nataka huyo ayyaantu kutoka Moyale aje asimame pale, ahesabu nyota mbele ya wageni. Nauli nitalipa mimi.

Mborana, Moyale

Ayyaantu si ngoma ya hoteli. Na kutoka huku hadi Kalokol ni kuzunguka ziwa zima. Walete wageni wako huku, waje na blanketi, na wasiwashe tochi.