Kicheche anamaliza kuku: kitongoji kiweke sumu au tuache?

Mkulima wa Muheza
Wakuu, habari za jioni. Huku kwetu Muheza vijijini kuna mnyama anatufilisi. Juzi kaingia banda la jirani, kaua matetea yote na jogoo, halafu kala mmoja tu, tena nusu. Mwenyekiti wa kitongoji anataka kila kaya itoe elfu mbili inunuliwe sumu, ipakwe kwenye nyama, nyama itegwe usiku kandokando ya mashamba. Mimi roho inasita. Watoto wanapita huko kwenda shule, na asubuhi nani atakumbuka kila kipande kiliwekwa wapi? Naomba maoni: iwekwe au isiwekwe?

Bwana Shamba Mstaafu
Kabla ya sumu, mnajua mnamtafuta nani? Kila mnyama mnamwita kicheche. Ukikuta wavu umechanwa, ubao umeng'olewa na chini ya ukuta kumechimbwa, kuku wamelala chali banda zima, huyo ni nyegere. Kanu hachimbi, anapenya juu, pale bati linapoachana na ukuta. Mayai yakipotea mchana kweupe ni nguchiro: analishika yai, analirusha kinyumenyume katikati ya miguu lipasukie kwenye jiwe. Nendeni mkaangalie mawe ya karibu, maganda mtayakuta. Fungo anaonewa tu, yeye anashinda na matunda na wadudu, ingawa kifaranga akijipitisha hamwachi. Sasa hiyo nyama yenu ya sumu itamjuaje mwizi?

Chuma cha Reli
Mzee shikamoo, ila kuku wakishakufa mimi nianze kupima nyayo? Weka Furadan, ile dawa ya wadudu wa mimea, asubuhi kazi imekwisha. Wanaotetea vicheche hawajawahi kuuza kuku walipe ada. Na ukweli mwingine msioutaka: nyumba isiyo na mbwa imeamua yenyewe kuibiwa. Watu mnafuga mapaka ya kulala kwenye makochi, halafu mnakuja kulia humu.

Bint Tanga
Ebo! Sisi tusiofuga mbwa tumeamua kuibiwa? Kwetu mbwa hakai uani. Akilamba chombo kinaoshwa mara saba, moja kwa udongo. Utakuja kunioshea wewe? Zungumza habari ya kuku, dini za watu ziache.

Chuma cha Reli
Nani kataja dini? Nimetaja mbwa.

Ustadhi wa Korogwe
Dada, taratibu. Mbwa wa kulinda mifugo, wa shamba na wa kuwindia ameruhusiwa, hadithi zake zinajulikana. Lililokatazwa ni kumfuga pasipo haja. Mjengee kibanda chake huko nje jirani na kuku, na chombo chake kiwe chake. Wazee wetu walikuwa na mbwa na swala haikuwapita.

Bint Tanga
Ahsante ustadhi, lakini wazee wako walikuwa wanafukuza nguruwe pori kwenye mihogo. Mimi nina vikuku vyangu vichache na nyumba ya kupanga. Mwenye nyumba hataki hata redio, atataka mbwa?

Ndugu wa Iringa
Mnabishana mbwa alale wapi, wangu alilala moja kwa moja. Kwetu waliweka hiyo sumu mnayoisifia. Nilimkuta mferejini, povu mdomoni, miguu ya nyuma bado inapigapiga. Mwizi mwenyewe hakuonekana, na kuku wakaendelea kuliwa vilevile. Aliyetega akaniambia mbwa hufungwa. Hadi leo tunasalimiana misibani tu.

Chuma cha Reli
Pole sana mkuu. Ila kweli, mbwa hufungwa.

Ndugu wa Iringa
Nimfunge usiku, alinde nini? Wewe si ndiye uliyesema asiye na mbwa ameamua kuibiwa? Shika moja.

Ustadhi wa Korogwe
Hapo Chuma kapatikana.

Chuma cha Reli
Sijapatikana popote. Mbwa anayekula nyama ya barabarani hajafunzwa. Wangu hali kitu asichopewa na mkono wangu.

Jirani wa Nakuru
Hamjambo huko. Kwetu Kenya hiyo Furadan iliondolewa madukani mwaka 2009, baada ya televisheni ya Marekani kuonyesha simba wanavyouawa nayo. Kampuni ikanunua tena mzigo wake. Ilikuwa dawa ya wadudu wa mimea, watu wakaigeuza ya fisi na simba. Na sumu haiishii kwa aliyekula kwanza. Botswana mwaka 2019 walikuta tai 537 wamekufa kwa kula mizoga mitatu tu ya tembo iliyotiwa sumu. Tai wakiisha, mizoga atakula nani?

Chuma cha Reli
Tumetoka banda la kuku Muheza tumefika Botswana. Tai simdai wala hanidai. Serikali inilipe kuku wangu, nitaacha. Kifuta jasho mnachokisikia ni cha tembo na wenzake, nani humu amelipwa kwa ajili ya nyegere?

Bwana Shamba Mstaafu
Hajalipwa mtu. Lakini Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 haikupi ruhusa ya kutega sumu kwa sababu hukulipwa. Mwenyekiti aende halmashauri amuone afisa wanyamapori.

Chuma cha Reli
Hahaha. Afisa mwenyewe pikipiki haina mafuta.

Mbeba Boksi Minnesota
Huku Marekani tuna rakuni, ana vidole vya kufungulia pipa la taka. Nilidhani nimtege nikamwachie mbali, nikaambiwa majimbo mengi hayaruhusu, maana unahamisha magonjwa na unampa mwenzako tatizo lako. Dawa yake ni kufunga pipa na kuziba mashimo ya darini.

Bint Tanga
Haipiti mada bila mtu wa Marekani kutusimulia pipa lake la taka.

Mbeba Boksi Minnesota
Dada, leo umeamka vibaya. Nimejibu swali.

Daktari wa Ng'ombe
Nimesoma yote, mbwa kaongelewa kuliko kuku, na chanjo hakuna aliyeitaja. Nyegere na nguchiro wanaweza kuwa na kichaa cha mbwa. Mbwa akipigana nao bila chanjo, analeta ugonjwa sebuleni kwa kochi na paka wenu. Pemba walichanja mbwa mpaka kichaa kikakatika, kikarudi, wakachanja tena. Mnyama wa porini akikujia mchana bila woga usimguse. Akikuuma, osha kidonda kwa maji mengi na sabuni robo saa nzima, kisha hospitali siku hiyohiyo.

Chuma cha Reli
Paka wangu? Mimi sina paka.

Bwana Shamba Mstaafu
Mkulima, rudi kwenye banda. Linyanyue kwa miguu ya mti, sakafu ya mbao au mabanzi yaliyobanana. Kama liko chini, fukia wavu mgumu kuingia ardhini na uulaze kwa nje, anayechimba akutane nao. Ule wavu mwembamba wa kuku unazuia kuku kutoka, nyegere hauzuii. Ziba pale juu penye bati. Mlango uwe na komeo la chuma, kamba ataitafuna. Na kuku wafungiwe kabla ya Magharibi, hao wanaolala juu ya mwembe ni karamu.

Chuma cha Reli
Wavu huo mgumu ni bei gani mzee? Nauliza tu.

Ndugu wa Iringa
Elfu mbili za kila kaya zingetosha kuanzia mabanda yaliyovamiwa. Mkulima, kitongoji kina kaya ngapi?

Mkulima wa Muheza
Kama themanini hivi. Ila pesa zilishakusanywa wiki iliyopita, mimi nimechelewa kuleta mada.

Bint Tanga
Zilikusanywa kabla ya mkutano? Na sumu imenunuliwa?

Mkulima wa Muheza
Sumu bado.

Chuma cha Reli
Subiri kwanza. Laki na sitini iko wapi? Risiti mlipewa?

Mkulima wa Muheza
Risiti hakuna. Mwenyekiti anasema daftari kabaki nalo mkewe, na mkewe kaenda Lushoto msibani.