Filimbi ya kioo inatoa upepo kuliko sauti: tatizo ni kioo au ni mimi?

Mgeni wa Filimbi: Ndugu wanajamvi, nina filimbi ya kioo ya kupulizia ubavuni, yenye matundu sita ya vidole na kizibo upande mmoja. Awali nilizoea rekoda, filimbi ya kupulizia mwishoni. Oktava ya kwanza (safu ya noti za chini) inatoka ikiwa imejaa upepo, noti mbili za chini hazitoki kabisa, na oktava ya pili iko chini kidogo ya inavyotakiwa. Je, niiache nitafute ya mbao?

Mpiga Nai: Usiiache. Katika rekoda, hewa hupitishwa kwenye mfereji uliochongwa hadi kwenye makali, ilhali hapa kazi hiyo yote ni ya midomo yako. Funika takriban robo ya tundu la kupulizia kwa mdomo wa chini, acha mwanya mdogo sana kati ya midomo, kisha shika noti moja ndefu huku ukiizungusha filimbi polepole, kuelekea kwako na mbali nawe, mpaka mvumo wa upepo upungue. Kioo hakinyonyi unyevu, kwa hiyo futa kidevu na ukingo wa tundu mara kwa mara, la sivyo filimbi itateleza na utapoteza pembe uliyoitafuta kwa taabu.

Kuhusu noti za chini, ninashuku vidole. Ziba kwa nyama ya kidole wala si kwa ncha, kisha tazama kupitia kioo kutoka upande wa pili: ngozi ionekane imeziba duara zima. Penye ufa mwembamba ndipo noti inapofia. (Sisi wa nai, filimbi ya mwanzi isiyoonyesha ndani, tungeifurahia sana fursa hiyo ya kuona!)

Fundi wa Ala: Ninakubaliana na aliyetangulia, na ninaongeza kwamba kioo hakistahili lawama. Mwaka 1971 mwanafizikia John Coltman alichapisha jaribio lililotumia filimbi za fedha, shaba na mbao zenye umbo moja la ndani, na wasikilizaji wenye uzoefu wa muziki hawakuweza kuzitofautisha kwa sikio. Claude Laurent, mtengenezaji wa filimbi wa Paris aliyepata hataza ya filimbi ya kioo mwaka 1806, alikitaka kioo kwa sababu hakibadiliki kwa unyevu kama mbao.

Kinachobadilisha sauti ni makali ya tundu la kupulizia na mahali kilipo kizibo. Anza kwa kukiweka kizibo umbali unaokaribiana na kipenyo cha ndani cha filimbi, ukipima kutoka katikati ya tundu. Oktava ya pili ikiwa bado chini, kisogeze kidogo kuelekea tundu na upime tena. Makali yenyewe usiyaguse kwa tupa hata kidogo, kwa maana kioo kikimeguka hakirudi.

Mgeni wa Filimbi: Kizibo kilikuwa mbali mno, na sasa oktava zinakaribia kulingana. Hata hivyo, asubuhi sauti ya filimbi nzima hushuka.

Fundi wa Ala: Hiyo ni baridi. Kila nyuzijoto moja ya Selsiasi hushusha au kupandisha sauti kwa karibu senti 3; senti ni kipimo cha tofauti ndogo za sauti, na nusu toni, yaani hatua ndogo kati ya noti mbili jirani, ina senti 100. Ziba matundu yote ya vidole, pulizia pumzi ya joto ndani bila kutoa noti, na usilinganishe na ala nyingine kabla kioo hakijapata joto mkononi.